Riwaya ya jioni moja, insha ya dakika arobaini

Takadini na Watoto wa Mama N'tilie ni vitabu vyembamba. Hakuna kinachofika kurasa mia mbili, na mwanafunzi wa kidato cha tatu anayesoma kwa mwendo wa kawaida anaweza kuanza kimoja baada ya chakula cha jioni akakimaliza kabla hajalala, ilimradi mwanga upo. Kwa miaka mingi vitabu hivyo, kimoja cha Ben Hanson na kingine cha Emmanuel Mbogo, vimekaa kwenye orodha ya riwaya za Kiswahili za kidato cha tatu na cha nne pamoja na Joka la Mdimu cha Abdallah Safari. Wembamba huo haujasaidia kitu. Wanafunzi wengi huingia kwenye mtihani wa taifa bila kuwahi kusoma hata kimoja mwanzo hadi mwisho; wanachokuwa nacho ni notisi, karatasi za fotokopi zenye vichwa vilevile, dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa, msimamo, na chini ya kila kichwa orodha ya kukariri. Hoja yangu ni kwamba kwa kufanya hivyo tunatupa faida kubwa kuliko zote ya riwaya fupi, yaani kusomeka nzima; na tukishaitupa hiyo, kinachoandikwa kwenye chumba cha mtihani hakiwezi kuwa insha. Naisema hoja hii nikiwa na Shinyanga na Geita akilini, kwa sababu sidhani kama kuna mahali Tanzania ambapo vitabu hivi vinastahili kusomwa kwa makini kuliko huko.

Tuanze na umbo lenyewe. Wapo wanaodhani riwaya fupi ni riwaya ndefu iliyokatwa, kana kwamba mwandishi alichoka njiani. Riwaya ndefu ina nafasi ya kuzurura: Aniceti Kitereza wa Ukerewe, alipoandika maisha ya Myombekere na Bugonoka, alisimama kila alipotaka kueleza kilimo, uvuvi, tiba na pombe, na msomaji hamlaumu, maana ndicho alichokifuata. Riwaya fupi haina ruhusa hiyo. Ina fundo moja, wahusika wachache, na kila tukio ama linalikaza fundo hilo ama linalilegeza. Kusadikika cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1951, karibu chote kimo ndani ya kesi moja: Karama ameshtakiwa na waziri Majivuno, naye anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita, wakarudi na maarifa, wakalipwa kifungo. Visa ni sita ila shauri ni moja. Kila mjumbe anaongeza uzito juu ya aliyemtangulia mpaka inaonekana kwamba aliye kizimbani hasa ni nchi yenyewe. Kezilahabi, naye wa Ukerewe, alikaza zaidi: Nagona cha 1990 na Mzingile cha 1991 havifiki kurasa mia kila kimoja, na ukiruka kurasa tano umepotea. Shamba la Wanyama, kama Fortunatus Kawegere alivyolitafsiri mwaka 1967, ni vivyo hivyo. Na Msukuma aliyekua akisikia kisa cha Masala Kulangwa na lile dude Shing'weng'we lililomeza watu na mifugo hahitaji kuelezwa kanuni hii kwa nadharia. Hadithi ya kikao kimoja hubeba jambo moja, na msimulizi akichepuka watoto humrudisha njiani.

Sasa tazama mtahini anachouliza na mtahiniwa anachojibu. Karatasi ya Kiswahili ya kidato cha nne ni ya saa tatu, na ndani yake kuna sarufi, ufahamu, utungaji na mengine mengi. Aliyegawa muda wake vizuri hubakiwa na dakika arobaini hivi kwa insha ya riwaya. Swali kwa kawaida humtaka atumie riwaya mbili alizosoma, atoe hoja tatu au nne kutoka kila moja, kuthibitisha kauli fulani kuhusu jamii. Mwenye notisi kichwani haisomi kauli hiyo. Anatafuta dhamira inayofanana nayo. Anafungua kwa kueleza fasihi ni nini, sentensi ambayo kila mwalimu wa Kiswahili nchini anaijua kichwani na ambayo swali halikuiomba. Kisha anamtaja mwandishi, mwaka na mchapishaji. Dakika saba zimekwenda. Zinafuata hoja: mila potofu, mapenzi ya dhati, nafasi ya mwanamke, kila moja na mistari yake minne, kila moja ikiishia kusema kwamba hata katika jamii yetu mambo haya yapo. Hoja ya kwanza haiijui ya pili. Zibadilishe nafasi, hakuna kitakachoharibika, maana tangu mwanzo ilikuwa orodha iliyovishwa aya. Hitimisho linasema mwandishi amefanikiwa kwa kiasi kikubwa. Baraza la Mitihani hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, zenye sampuli za kurasa kutoka kwenye vijitabu vya majibu, na lawama inayojirudia humo ni ya kutoelewa matakwa ya swali. Lawama ya haki, lakini naona haifiki mzizini. Mwanafunzi huyu hakushindwa kuelewa swali. Alifundishwa kwamba swali ni mlango wa kupitishia jibu alilokuja nalo kutoka nyumbani.

Takadini kinaonyesha vizuri kinachopotea. Sekai, mke wa Makwati, amekaa miaka mingi bila mtoto na ameonja dharau kwa ajili hiyo. Anapojifungua, mtoto ana ualbino, na mila inataka asiishi. Mama anambeba na kutoroka. Anafika kijiji kingine, anapokewa kwa shaka, anaishi kwa mzee Chivero, na mtoto anakua akijifunza kupiga mbira, mpaka anamwoa Shingai, msichana aliyekuwa akitakiwa na Nhamo. Notisi huchota hapo "mila potofu" na kuhamia kichwa kinachofuata. Aliyesoma kitabu chote anaona hatua tatu zinazofuatana. Jamii iliyomdharau Sekai kwa kukosa mtoto ndiyo hiyo hiyo inayotaka mtoto wake auawe. Kumbe heshima ya mwanamke pale ilitegemea utii kuliko uzazi. Kijiji cha pili nacho kina hofu zake, lakini kinaamua vingine. Kumbe mila ina watu wanaoiamua, na watu hao wanaweza kusema hapana. Kisha wanakijiji hawageuzwi na hotuba ya mtu yeyote: wanageuka polepole kwa kuishi na Takadini, kumsikia akipiga mbira, kuona anachokiweza. Hizo ni hoja tatu, idadi ileile aliyoitaka mtahini, ila zinapanda kuelekea dai moja, kwamba chuki ya namna hii huvunjwa na ujirani kabla ya kuvunjwa na mahubiri. Mtu anaweza kulipinga dai hilo, na ndiyo maana linaipa insha kazi ya kufanya. "Kuna mila potofu katika riwaya hii" hakuna anayeweza kuipinga, wala hakuna aliyehitaji kuambiwa.

Na wa kulipinga wapo, Kanda ya Ziwa. Kuanzia katikati ya miaka ya 2000 mauaji ya watu wenye ualbino yaliitikisa mikoa hii, yakichochewa na imani kwamba viungo vyao huleta bahati kwenye uvuvi na kwenye madini. Septemba 2009 Mahakama Kuu ikiketi Kahama iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumuua mtoto mwenye ualbino, hukumu ya kwanza ya aina yake nchini. Januari 2015 serikali ilipiga marufuku wapiga ramli. Mwezi uliofuata mtoto mdogo alinyakuliwa wilayani Chato, mama yake akajeruhiwa kwa panga akimtetea, na mtoto akakutwa ameuawa. Watoto wengine wenye ualbino walipelekwa kwenye vituo kama cha Buhangija, Shinyanga, walindwe mbali na vijiji vyao wenyewe. Mwanafunzi wa Kahama anayezijua habari hizi, na wengi wanazijua, anaweza kulipima dai la ujirani kwa mizani yake. Anaweza kusema Hanson ana matumaini kupita kiasi, kwa sababu huku wakati mwingine jirani au ndugu ndiye aliyetuhumiwa kumwonyesha muuaji nyumba. Anaweza pia kusema jambo gumu zaidi: Takadini alitakiwa kufa kwa sababu aliogopwa, ila mtoto wa huku aliwindwa kwa sababu alipangiwa bei, na hofu na biashara ni maradhi mawili yasiyotibika kwa dawa moja. Notisi haziwezi kumpa hilo, kwani zimeandikwa ziuzike Mtwara na Kigoma kwa pamoja. Badala yake ataandika kwamba mila potofu zipo hata katika jamii yetu, na atapata alama. Mimi naona ni aibu kuifundisha sentensi hiyo mahali ambapo maneno "jamii yetu" yana maana iliyo wazi namna hii.

Watoto wa Mama N'tilie nacho kinadai kusomwa upya ukanda wa dhahabu, kwa sababu nyingine kabisa. Peter na Zita wanafukuzwa shule kwa kukosa ada na sare. Baba yao, Mzee Lomolomo, ni mlevi. Mama anahangaika na biashara ya chakula. Watoto wanaishia kwenye jalala la Dar es Salaam. Notisi zinaweka hapo "ukosefu wa ada" na kudai kwamba ndiyo hali halisi ya jamii ya leo. Leo ipi? Ada zilifutwa hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016. Mwanafunzi anayeandika mstari huo katika shule ya kata ya Geita, akiwa yeye mwenyewe hajalipa ada hata siku moja, ananakili jamii ya mtu mwingine. Angekisoma kitabu angeona kwamba kiini chake hakikufa na ada. Sare bado inanunuliwa, daftari bado linanunuliwa, na njaa ya saa sita mchana haijafutwa kwa waraka. Ila huku kuna kitu ambacho Mbogo hakukihitaji katika kisa chake. Peter na Zita walisukumwa nje ya lango la shule. Mtoto wa machimbo ya Rwamgasa au Nyarugusu lango liko wazi, lakini anavutwa na duara, yaani shimo la wachimbaji wadogo. Shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti mwaka 2013 kuhusu watoto kwenye machimbo madogo ya Tanzania, yakiwemo ya Geita, likaeleza wanavyoshuka mashimoni, wanavyobeba mawe kupeleka kwenye karasha, mashine ya kuyasaga, na wanavyoshika zebaki kwa mikono mitupu wakati wa kuchenjua. Jalala la mjini linampa mtoto makombo. Mwaloni, mahali pa kuchenjulia dhahabu, anapata noti siku hiyo hiyo, na noti hiyo inabishana na mwalimu wa hesabu kila asubuhi. Mwanafunzi akiulizwa kama riwaya hii inasawiri uhalisia, jibu lenye akili ni lile linalosema uhalisia upi umebaki, upi umeondoka, na lawama imehama kutoka kwa nani kwenda kwa nani. Kwa jibu hilo anahitaji kitabu na macho yake tu.

Mwalimu atanijibu, na kwa haki, kwamba mwongozo wa usahihishaji hutoa alama kwa hoja, kwamba mshikamano wa insha hauna fungu kubwa la alama, na kwamba mtoto wa mchimbaji mdogo mwenye nafasi moja ya kutoka hapaswi kufanyiwa majaribio. Nimekwisha onyesha kwamba hoja tatu zinabaki tatu. Kinachobadilika ni uhusiano wao. Lakini nina jibu la pili. Kukariri kunaonekana salama mpaka swali ligeuzwe kidogo. Aliyebeba orodha, akisahau kipengele cha tatu hana pa kukitafuta. Aliyesoma kisa anaweza kurudi kichwani hadi pale Sekai anapotoroka akatoka na hoja mpya palepale. Siwezi kusema notisi hazina kitu. Marudio, ule mchanga uliokwisha kuchenjuliwa mara moja, nayo yana dhahabu, kila mtu Geita anajua, na wapo waliojenga nyumba kwa kuyachenjua. Ila aliyefaidi zaidi ni yule aliyepita kwanza. Na kuhusu muda wenyewe, dakika arobaini zinamfaa zaidi mwenye dai kuliko mwenye orodha: dakika tano aandike dai lake kwa sentensi moja nyuma ya karatasi na hoja zake chini yake, utangulizi wa sentensi mbili tu, halafu aingie kazini. Wanaofungua kwa maana ya fasihi wanakula muda ambao wangeutumia kwenye riwaya ya pili, na riwaya ya pili ndiyo mara nyingi inayoishia aya moja na nusu, mwandiko ukiwa umeinama.

Wapo wanaokwenda mbali zaidi na kusema insha ya kuandika mbio haipimi fikra hata kidogo, bora mwanafunzi apewe kazi aifanyie nyumbani. Kwa vitabu vya kurasa mia sita ningekubali. Kwa riwaya fupi sikubali, kwa sababu umbo lake linaingia kichwani lote kwa pamoja na mtu anaweza kulizungusha bila kufungua ukurasa. Halafu nyumbani hakuna usawa. Mtoto wa afisa wa Kahama mjini ana taa, simu na kaka aliyemaliza chuo. Mtoto wa machimbo ya Mwakitolyo pengine hana hata meza. Chumba cha mtihani, pamoja na ukali wake, kinawakalisha wote wawili kwenye dawati la aina moja. Kuhusu lugha, kwamba wengi huku walianza na Kisukuma na kwa hiyo wanahitaji sentensi za kukariri, nitasema kwa kifupi: Kiswahili cha wahusika wa Mbogo ni rahisi kuliko Kiswahili cha notisi zinazowaeleza.

Pingamizi zito kuliko yote ni idadi. Elimu bila ada ilijaza madarasa, na mwalimu mmoja wa Kiswahili mwenye mikondo minne ya wanafunzi themanini hawezi kusahihisha insha mia tatu na ishirini kila wiki. Hakuna anayemtaka afanye hivyo. Sehemu ya insha inayofundisha kufikiri ni ndogo: dai na sentensi tatu zinazolibeba. Hilo linaandikwa kwa dakika kumi darasani, linasomeka kwa nusu dakika, na mwanafunzi akiandika hivyo mara moja kwa wiki kwa muhula mmoja amefanya mazoezi zaidi ya yule aliyeandika insha kamili mbili na kuzipata zikiwa na tiki tu. Vitabu navyo vikiwa vitano kwa darasa zima, riwaya fupi inaweza kusomwa kwa sauti, vipindi viwili kila wiki, ikaisha kabla ya likizo. Jaribu hivyo na riwaya ndefu utafika Desemba ukiwa sura ya nne. Ila vitano ni vichache mno, na hapa kuna fedha. Sheria ya Madini kama ilivyorekebishwa mwaka 2017 inamtaka mwenye mgodi aandae kila mwaka mpango wa huduma kwa jamii na kukubaliana na halmashauri. Halmashauri zinazozunguka migodi ya Geita na Bulyanhulu zimejenga madarasa na zahanati kwa fedha hizo, na jengo linapigwa picha vizuri siku ya uzinduzi. Kitabu chembamba hakipigwi picha vizuri. Hata hivyo, gharama ya darasa moja ingenunua nakala nyingi za riwaya hizi, na sijui hoja gani inaweza kutolewa mbele ya madiwani kuonyesha kwamba chumba kipya kisicho na kitabu ndani ni elimu zaidi.

Mtihani wa taifa haubadiliki kwa makala ya gazeti, na sitegemei hilo. Lakini mitihani ya majaribio ya mkoa hutungwa na kusahihishwa na walimu wa mkoa wenyewe, na huko mtu anaweza kuanza mwaka ujao bila kuomba ruhusa Dar es Salaam. Swali moja tu kati ya yote liwe la aina ambayo notisi haziwezi kulijibu. Kwa mfano: kama kijiji cha pili alichokimbilia Sekai kingekuwa na machimbo ya dhahabu, je, wangempokea? Jadili kwa kutumia matukio matatu ya riwaya. Mwanafunzi anaweza kusema ndiyo, kwa kuwa Chivero angebaki Chivero; anaweza kusema hapana, kwa kuwa pesa ingeharibu kile ambacho umaskini ulikiacha. Wote wawili watalazimika kurudi kwenye matukio. Ugumu utahamia kwa wasahihishaji, ambao watapaswa kukubali kwamba majibu mawili yanayopingana yanaweza kupata alama sawa. Kikao chao cha kusawazisha mwongozo, ambacho sasa kinamalizwa kwa asubuhi moja, kitachukua siku mbili, na ofisi ya elimu ya mkoa itabidi itafute posho ya siku ya pili.